Spika za Nyuma Bila Waya: Mwongozo wa Kutumia Kirusha Sauti katika Sinema ya Nyumbani

Kirusha sauti, ambacho mafundi wengi hukiita transmita, ni kisanduku kidogo kinachopokea sauti kutoka kwenye mashine, kikaigeuza kuwa mawimbi ya redio na kuyatuma hewani hadi kwenye kisanduku cha pili, yaani kipokezi, ambacho huyarudisha mawimbi hayo katika hali ya sauti inayoweza kukuzwa na kusikika kwenye spika. Katika sinema ya nyumbani, kwa maana ya mpangilio wa spika kadhaa zinazomzunguka mtazamaji ili sauti ya filamu imfikie kutoka pande zote, kifaa hiki hutafutwa hasa kwa ajili ya spika mbili za nyuma, kwa kuwa ndizo zilizo mbali na mashine na ndizo ambazo nyaya zake hulazimika kukatiza mlango, kupita chini ya zulia au kuzunguka ukuta mzima.

Mpangilio uliozoeleka zaidi huandikwa 5.1, ambapo tarakimu 5 inahesabu spika tatu za mbele, yaani ya kushoto, ya kati na ya kulia, pamoja na mbili za nyuma, na tarakimu 1 inasimama badala ya sabufa, ile spika kubwa ya besi inayobeba ngurumo na milipuko. Neno hilo la mwisho linahitaji tahadhari, kwa sababu madukani na mitaani Afrika Mashariki sabufa limekuwa jina la seti nzima, spika ndogo na kubwa kwa pamoja. Hapa linabaki na maana yake finyu ya spika ya besi peke yake. Vivyo hivyo, risiva inayotajwa humu si kifaa cha kunasia matangazo ya setilaiti, bali ni mashine kuu ya sinema ya nyumbani, inayopokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, deki au televisheni, ikaichambua sauti hiyo na kuigawia kila spika fungu lake.

Maneno "bila waya" yanayoandikwa kwenye boksi huficha nusu ya ukweli. Kinachoondolewa ni waya wa sauti tu, ilhali spika haiwezi kulia pasipo nguvu ya umeme, na mawimbi yanayorushwa na visanduku hivi ni dhaifu mno, nguvu yake ikipimwa kwa sehemu za elfu za wati, kiasi kwamba hayawezi kuutikisa utando wa spika yoyote. Kwa hiyo kila mahali panapowekwa spika isiyo na waya wa sauti lazima pawe na soketi ya umeme karibu, na waya uliokuwa ukipita sakafuni huwa umehamia ukutani. Nyumba nyingi zina soketi moja au mbili tu sebuleni, nazo mara nyingi ziko upande wa televisheni. Mwenye nyumba ya namna hiyo ambaye atalazimika kuvuta ekstensheni hadi nyuma ya kochi atakuwa amenunua kifaa cha kuondoa waya mmoja ili auweke mwingine ulio hatari zaidi, kwa kuwa waya wa spika ukikanyagwa hukata sauti, lakini ekstensheni ikikanyagwa kila siku chini ya zulia inaweza kuwasha moto.

Ni vyema, basi, hesabu ya waya ifanywe kabla ya safari ya dukani. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule ule ambao mafundi umeme huutumia kwa saketi za taa, ukivutwa mita 10 kutoka kwenye risiva hadi kwenye spika ya nyuma huwa na ukinzani wa takriban omu 0.23 kwa kwenda na kurudi, na kwa spika ya omu 8 hasara inayopatikana ni robo ya desibeli hivi, kiasi ambacho ni vigumu sikio kukitambua. Waya huo hauchelewi, hauingiliwi na ruta ya jirani, wala hausahau spika yake umeme unapokatika. Kirusha sauti kinastahili kununuliwa pale tu ambapo waya haupiti kwa njia ya staha: nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, sebule yenye mlango upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia, au nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, ambako kuchimba ukuta ni kuuharibu. Spika tatu za mbele ziunganishwe kwa waya katika nyumba zote hizo, kwani ziko hatua moja au mbili tu kutoka kwenye risiva, na spika ya kati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya filamu.

Ucheleweshaji, kipimo kisichoandikwa mbele ya boksi

Watengenezaji hupenda kuandika kwa herufi kubwa umbali ambao mawimbi yanaweza kufika, mita 30 au hata 100, ingawa sebule ya kawaida haizidi mita 6 na spika ikiwekwa mita 100 itakuwa inalia kwa jirani. Hupenda pia kuandika wati kwa kipimo cha PMPO, ambacho hakina kanuni yoyote inayokubalika na ndiyo maana kisanduku chepesi kama kitabu huweza kutangazwa kuwa na maelfu ya wati. Msomaji atafute wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya, kwa maana ya kikuza sauti, inaweza kuitoa mfululizo, na asishangae kukuta ni 25 au 50 tu, kwani kwa spika za nyuma zinatosha. Kipimo kinachoamua kama kifaa kinafaa au hakifai ni kingine kabisa, nacho ni ucheleweshaji, kwa maana ya muda unaopita tangu sauti iingie kwenye kirusha hadi itoke kwenye kipokezi, ambao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde.

Muda huo hautokani na safari ya hewani, kwa sababu mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga na umbali wa sebule kwao si kitu. Hutokana na kazi inayofanywa ndani ya visanduku vyenyewe: sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, hufungwa katika vifurushi, hutumwa, vifurushi vilivyopotea hutumwa tena, na kipokezi hujiwekea akiba kidogo ya sauti ili kifurushi kikikosekana spika isikatike ghafla. Kadiri akiba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyokuwa imara zaidi, na ndivyo inavyozidi kuchelewa.

Njia rahisi ya kuupima ucheleweshaji kwa akili ni kuugeuza kuwa umbali. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo kila mita moja huichukua karibu milisekunde 3. Kirusha kinachochelewesha kwa milisekunde 20 ni sawa na kuisogeza spika mita 6.9 nyuma zaidi ya mahali ilipo. Spika ya kawaida ya Bluetooth, ambayo wengi hujaribu kuitumia kama spika ya nyuma kwa kuwa tayari wanayo nyumbani, mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100 na huweza kufika 200, na milisekunde 200 ni sawa na spika iliyowekwa umbali wa karibu mita 69, theluthi mbili za urefu wa uwanja wa mpira. Hakuna risiva inayoweza kurekebisha umbali wa namna hiyo, na ndiyo sababu Bluetooth, pamoja na manufaa yake yote katika kusikiliza muziki wa simu, haifai kwa spika za nyuma za sinema ya nyumbani.

Madhara ya kuchelewa ni ya aina mbili, na yasichanganywe. Aina ya kwanza ni tofauti kati ya sauti na picha, ambayo sikio na jicho huivumilia kwa kiasi: pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) lijulikanalo kama BT.1359 linaonesha kwamba watazamaji huanza kuitambua kasoro sauti inapoitangulia picha kwa milisekunde 45 au inapochelewa kwa milisekunde 125. Aina ya pili ni tofauti kati ya spika na spika, na hapa uvumilivu hutegemea ni spika ipi. Helmut Haas, mtafiti wa Kijerumani, alionesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1951 kwamba sauti moja ikitoka sehemu mbili na ya pili ikachelewa kwa makumi machache ya milisekunde, sikio huziunganisha na kuzisikia kuwa moja, tena likaamini kwamba zote zimetoka upande wa ile iliyotangulia. Mfumo wa Dolby Pro Logic uliitumia tabia hiyo kwa makusudi, ukizichelewesha spika za nyuma kwa milisekunde 15 hadi 30 ili maneno ya waigizaji yaendelee kuonekana kutoka mbele. Spika ya nyuma iliyochelewa kwa milisekunde 15 au 20 haiharibu filamu, na mara nyingi mtazamaji hataitambua.

Sabufa haina msamaha huo, ingawa wauzaji husema kinyume, wakidai kwamba besi haina mwelekeo na hivyo haijali inakotoka wala inapofika. Ni kweli kwamba sikio hushindwa kutambua besi nzito inatoka upande gani, lakini hilo ni suala la mwelekeo, si la muda. Risiva nyingi huigawa sauti kwenye mpaka wa hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, ambapo sauti za chini ya mpaka huenda kwenye sabufa na za juu hubaki kwenye spika nyingine, huku pande zote mbili zikilia kwa pamoja karibu na mpaka wenyewe. Mtetemo mmoja wa hezi 80 huchukua milisekunde 12.5, kwa hiyo sabufa ikichelewa kwa milisekunde 6.25 tu itakuwa inavuta hewa wakati spika za mbele zinaisukuma, na besi ya mpakani itajifuta yenyewe. Mwenye nyumba atasikia ngurumo ya chini kabisa na sauti za juu, lakini katikati patakuwa na pengo: ngoma itakosa kishindo na sauti nzito ya mwanamume itakuwa nyembamba, naye atadhani sabufa ni mbovu.

Dawa yake imo ndani ya risiva, katika menyu ambayo kila spika huandikiwa umbali wake kutoka kwenye kiti cha mtazamaji. Risiva huutumia umbali huo kuzichelewesha spika zilizo karibu ili zizisubiri zilizo mbali, na kwa kuwa haijui tofauti kati ya umbali wa kweli na ucheleweshaji wa kifaa, inaweza kudanganywa kwa manufaa. Ikiwa sabufa iko mita 3 kutoka kwenye kiti na kirusha chake huchelewesha kwa milisekunde 15, sawa na mita 5.1, basi umbali unaoandikwa ni mita 8.1. Spika nyingine zote zitaisubiri, sauti itachelewa kidogo nyuma ya picha, na milisekunde 15 hizo ziko mbali sana na zile 125 ambapo mtazamaji huanza kuitambua kasoro. Risiva zenye maikrofoni ya vipimo huifanya hesabu hii zenyewe, na mmiliki anayekuta imeandikwa kwamba sabufa iko mita 8 ilhali anaiona iko mita 3 asisahihishe chochote, kwa sababu mashine imepima muda wala haikupima sakafu. Kuna kikomo, hata hivyo: baadhi ya risiva haziruhusu tofauti ya zaidi ya mita 6 kati ya spika ya karibu na ya mbali, sawa na milisekunde 17 na nusu, na kirusha kinachochelewesha zaidi ya hapo hakiwezi kurekebishwa chote kwa risiva hizo.

Upo pia mfumo wa WiSA, ambao hutumia masafa ya gigahezi 5 na kubakiza ucheleweshaji kwenye milisekunde 5 hivi kwa spika zote kwa usawa. Huhitaji spika zenye amplifaya na kipokezi chake ndani, kwa hiyo humfaa anayenunua seti upya kuliko anayetaka kuokoa spika alizonazo.

Masafa na mzigo kutoka ng'ambo

Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi la redio kwa sekunde, na ndiyo njia ambayo kila kifaa hupewa ipite. Virusha sauti vingi hupita kwenye gigahezi 2.4, njia iliyoachwa wazi karibu dunia nzima na ambayo kwa sababu hiyo imejaa: Wi-Fi, Bluetooth na tanuri la maikrowevu, ambalo hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu megahezi 2450, vyote viko humo. Katika ghorofa yenye familia nyingi, spika za nyuma zinazolia vizuri mchana na kukwaruza kuanzia saa mbili usiku hazina ugonjwa mwingine ila ruta za majirani. Vifaa vya gigahezi 5 hupata nafasi zaidi, na ingawa mawimbi yake hupenya ukuta kwa shida, hilo si tatizo kwa kuwa kirusha na kipokezi huwa katika chumba kimoja.

Mtego mkubwa zaidi uko katika vifaa vinavyotumwa na ndugu walioko Marekani. Kanuni za ITU huigawa dunia katika kanda tatu, na masafa ya megahezi 902 hadi 928, ambayo katika bara la Amerika yametengwa kwa vifaa vya aina hii, hayakutengwa hivyo katika kanda ya Afrika na Ulaya, ambako megahezi 890 hadi 915 ni njia ya simu za mkononi kuzungumza na minara. Kirusha kilichoandikwa 900 MHz kikiwashwa Mwanza au Kisumu kinaweza kuingilia simu za mtaa mzima, na mamlaka za mawasiliano, TCRA nchini Tanzania na CA nchini Kenya, ndizo zinazosimamia masafa hayo. Tatizo la pili la mzigo huo ni umeme: Marekani hutumia volti 120, Tanzania 230 na Kenya 240, na adapta ambayo haikuandikwa 100–240 V itaungua mara moja ikichomekwa bila transfoma. Ndugu aombwe kusoma maandishi madogo nyuma ya adapta kabla ya kulipa.

Kuunganisha

Kirusha kinapaswa kupokea sauti kutoka kwenye matundu ya spika za nyuma ya risiva, si kutoka kwenye tundu la hedifoni la televisheni. Tundu hilo hutoa njia mbili tu, kushoto na kulia, kwa hiyo spika za nyuma zilizounganishwa nalo hurudia yale yale yanayosemwa mbele, na kinachopatikana ni kelele ya pande nne badala ya sinema. Risiva za bei ya juu huwa na matundu ya RCA yaliyoandikwa PRE OUT, yanayotoa sauti ambayo haijakuzwa, na hayo ndiyo bora zaidi. Tundu la sabufa la aina hiyo lipo karibu katika kila risiva. Pasipokuwa na PRE OUT za nyuma, hutumika kirusha chenye vishikizo vya kupokea waya wa spika, ambacho huipunguza sauti iliyokwisha kukuzwa hadi kiwango kinachokifaa. Hapa tahadhari moja ni ya lazima: katika baadhi ya amplifaya vishikizo vyeusi havikuunganishwa na ardhi ya mashine, kwa hiyo nyaya mbili nyeusi, ya kushoto na ya kulia, zisiunganishwe pamoja kamwe, la sivyo amplifaya inaweza kuungua.

Anayenunua kifaa kilichotumika ahakikishe kwamba anapewa kirusha na kipokezi vilivyotoka kiwandani pamoja. Sabufa isiyo na waya iliyotoka kwenye seti ya kampuni moja haizungumzi na seti ya kampuni nyingine, na seti nyingi za miaka iliyopita zilitegemea kadi ndogo inayochomekwa nyuma ya mashine. Kadi hiyo ikipotea, spika nzuri hubaki kuwa samani.

Kupanga na kurekebisha

Kirusha kisifichwe nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la chuma. Kiwekwe juu, mahali ambapo kinaweza kukiona kipokezi juu ya vichwa vya watu, kwa kuwa mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji na maji humeza mawimbi ya gigahezi 2.4, na hivyo sebule iliyojaribiwa ikiwa tupu inaweza kukatakata sauti siku wageni wamejaa kwenye makochi. Spika za nyuma zenyewe, kwa pendekezo la ITU, hukaa kati ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele ya mtazamaji, yaani pembeni na nyuma kidogo ya masikio, wala si katika kona za ukuta wa mwisho kama wengi wanavyozoea kuzitundika.

Kiwango cha sauti hupangwa kwa mlio wa majaribio uliomo ndani ya risiva. Kitufe cha sauti cha kipokezi kiwekwe karibu na katikati, kisha spika za nyuma zisawazishwe na za mbele kwa menyu ya risiva hadi mlio usikike sawa kutoka kila upande, na baada ya hapo kitufe cha kipokezi kisiguswe tena. Kuweka alama ya kalamu mahali kilipo si aibu. Majaribio yafanywe usiku, wakati Wi-Fi za mtaa zimejaa. Sauti ikikwaruza, ruta ya nyumbani ihamishiwe gigahezi 5, au kirusha chenye swichi ya chaneli kibadilishwe chaneli.

Kasoro moja huwapeleka watu wengi kwa fundi bila sababu. Vipokezi vingi hujizima visipopata sauti kwa dakika kadhaa, na kwa kuwa spika za nyuma hunyamaza kwa muda mrefu katika filamu za mazungumzo, mlio wa kwanza baada ya ukimya humezwa wakati kipokezi kinaamka. Kama kuna swichi ya kuzuia usingizi huo, itumike. Kwa upande wa umeme, kipokezi kisichomekwe moja kwa moja ukutani mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Kilinzi cha volti kama kile kinachowekwa kwenye friji hutosha. Umeme ukirudi na visanduku visitambuane, vyote viwili vichomolewe kisha kirusha kiwashwe kwanza, na vingi hutambuana upya bila kubonyeza chochote.

Dukani, muuzaji aulizwe swali moja kabla ya bei: kifaa hiki huchelewesha kwa milisekunde ngapi? Asipojua, na kijitabu kikawa kimya, kifaa kiunganishwe na risiva pale pale huku filamu ikichezwa, na kisipokubaliwa kujaribiwa kiachwe, kisha zinunuliwe mita 20 za waya wa shaba.